Se7en, Zodiac, Memories of Murder au The Silence of the Lambs: uanze na ipi?

Ukimwomba mtu akutajie filamu kali ya mpelelezi anayemsaka muuaji, majina haya manne hayakosi. Hutajwa kwa pumzi moja, kana kwamba ukiona moja umeziona zote, na wengi huishia kuanza na ile yenye bango la kutisha kuliko nyingine. Baadaye wanarudi wamenuna. Mbona ndefu hivi? Mbona mtu hakamatwi? Filamu haikuwa na kasoro, ila walipewa isiyo yao.

Kwa hiyo mimi nikiulizwa ipi ni kali zaidi, nauliza kwanza: wewe utalala usingizi bila kujua nani aliua?

Hapo ndipo zinapoachana. Tumezoea kwamba stelingi hafi na adui yake hatoroki; siku za mwizi ni arobaini, na za muuaji wa kwenye sinema ni kama saa mbili hivi. Mbili kati ya hizi, Se7en na The Silence of the Lambs, zinaishi kwa ahadi hiyo, ingawa mojawapo inailipa kwa namna ambayo utatamani isingelipa. Mbili nyingine, Zodiac na Memories of Murder, zimetokana na kesi za kweli ambazo zilikuwa bado wazi siku filamu zinaingia sinema. Huko ahadi inavunjwa makusudi. Hilo si siri ya mwisho ninayokuvujishia, ni jambo ambalo kila mtazamaji wa San Francisco au Seoul alilijua kabla hajakata tiketi. Miisho yenyewe sitaigusa.

Za haraka haraka: The Silence of the Lambs ni ya 1991, imeongozwa na Jonathan Demme, dakika 118. Se7en ni ya 1995, ya David Fincher, dakika 127. Memories of Murder ni ya Korea Kusini, 2003, ya Bong Joon-ho, saa mbili na dakika kumi na ushei. Zodiac ni ya 2007, Fincher tena, dakika 157.

Fincher dhidi ya Fincher

Se7en inafanyika katika mji usio na jina ambako mvua haiishi. Morgan Freeman ni Somerset, mpelelezi mzee aliyebakiza siku saba tu astaafu. Brad Pitt ni Mills, kijana aliyeomba mwenyewe kuhamia huko, damu inamchemka, mke wake hajauzoea mji na hataki kusema. Muuaji anachagua watu wake kwa kufuata dhambi saba kuu: ulafi, uchoyo, uvivu, zinaa, kiburi, wivu, hasira.

Nguvu yote ya filamu iko kwenye hesabu hiyo. Ukishaona ya kwanza na kulisoma neno lililoandikwa ukutani, unajua zimebaki sita, na kila mlango unaofunguliwa unahesabu kimoyomoyo. Mwongozo wa filamu umekupa saa ya kutazama. Hata mtu asiyependa sinema za polepole anashikwa, kwa sababu daima anajua tumefika wapi na bado kiasi gani. Halafu, hesabu ikiwa haijatimia, filamu inafanya kitu ambacho hesabu haikukiruhusu, na kuanzia hapo huna tena pa kushika.

Kuna usiku Somerset anaingia maktaba ya mji. Walinzi wanaomfahamu wanacheza karata ghorofani, anawatania kwamba wamezungukwa na vitabu vyote hivi na kazi yao ni karata, na mmoja wao anamjibu kwa kuwasha muziki wa Bach. Mzee anatembea kati ya taa za kijani, anashusha vitabu vya washairi wa kale, Dante, kisha Chaucer, ananakili michoro ya motoni. Upande wa pili Mills amekodolea macho picha za maiti zilezile, ataelewa nini humo? Siku ya pili anaanza kusoma vile vijitabu vya muhtasari wanavyokariri wanafunzi kabla ya mtihani, na anavificha. Katika dakika tano umeshajua wanaume hawa wawili ni akina nani, na hakuna aliyekuhutubia.

Kuhusu damu, maana hilo huulizwa kwanza: Se7en ina sifa ya kuwa filamu ya machinjo, lakini mauaji yenyewe karibu yote hatuyaoni. Tunafika baadaye pamoja na polisi, tukiwa na kurunzi, tunaona kilichobaki. Akili yako ndiyo inayomalizia kazi. Kuna chumba kimoja chenye kitanda na vitundiko vya manukato vya kwenye gari vikining'inia darini, sitasema zaidi. Nimeona watu wazima wakigeuza uso hapo. Kama una moyo mwepesi, ujue tu kwamba kutokuona hakutakusaidia.

Jambo moja la kuchunga: usisome orodha ya waigizaji kabla. Jina la aliyecheza muuaji liliondolewa makusudi kwenye majina ya mwanzo ili watu wasimngoje, na ndiyo maana hata mimi simtaji. Na mwisho wake nusura ubadilishwe. Wenye fedha waliogopa, wakataka kitu laini zaidi. Pitt akashikilia kwamba mwisho ubaki ulivyoandikwa au yeye hayumo. Wale wanaosema filamu za studio kubwa haziumi, waanze hapa.

Miaka 12 baadaye mwongozaji huyuhuyu akarudi kwa muuaji mwingine na kutupa chini kila kilichomfanyia kazi mara ya kwanza. Zodiac haina mvua ya kudumu, haina hesabu ya saba, haina mji wa kubuni. Inaanza usiku wa tarehe 4 Julai 1969 huko Vallejo, California, vijana wawili wamekaa ndani ya gari. Risasi zinalia mapema, na ukiwa bado na ladha ya Se7en mdomoni utadhani umeshaujua mchezo. Kisha filamu inahamia ofisini na kubaki huko: barua, simu, majalada, mtaalamu wa mwandiko akipima herufi moja kwa kioo cha kukuzia.

Muuaji wa kweli aliyejiita Zodiac aliyaandikia magazeti matatu ya eneo la ghuba ya San Francisco, akitaka mafumbo yake ya alama yachapishwe ukurasa wa mbele, la sivyo angeua tena. Fumbo la kwanza, lenye alama 408, lilifumbuliwa na mwalimu mmoja na mkewe. Jingine la alama 340 lilikaa nusu karne. Lilifumbuliwa Desemba 2020, miaka 13 baada ya filamu kutoka, na halikumtaja mtu. Mark Ruffalo anacheza Inspekta David Toschi wa polisi wa San Francisco. Robert Downey Jr. ni Paul Avery, mwandishi wa habari za uhalifu wa gazeti la Chronicle. Jake Gyllenhaal ni Robert Graysmith, mchora katuni wa gazeti hilohilo, mtu ambaye kesi haikumhusu hata chembe, na ndiye aliyeandika vitabu ambavyo filamu imevitegemea.

Kinachowashinda si akili ya muuaji. Kinachowashinda ni mipaka ya kaunti. Mauaji yalitokea Vallejo, kwenye ziwa Berryessa kaunti ya Napa, na ndani ya San Francisco kwenyewe, kila mahali na polisi wake, jalada lake na kabati lake. Kuna mfululizo wa simu ambapo mpelelezi anaomba tu kutumiwa nakala ya ushahidi, na anaambiwa wenzake hawana mashine ya kuituma. Itakuja kwa posta. Usiku dereva wa teksi anapouawa, taarifa ya redio inawaambia doria watafute mtu mweusi, na askari wawili wanampita njiani mzungu anayetembea zake. Hiyo haikubuniwa na mwandishi wa sinema. Ilitokea.

Lakini tukio la kununulia filamu nzima ni la kiwandani. Wapelelezi watatu wamekaa na mshukiwa katika chumba cha mapumziko cha wafanyakazi. Mshukiwa, anayechezwa na John Carroll Lynch, ni bonge la mtu, mpole, anajibu kila swali na hata yale ambayo hajaulizwa. Anakunja mguu, tunaona buti. Anasogeza mkono, tunaona saa, na kwenye uso wa saa kuna jina na alama ileile iliyokuwa chini ya barua. Hakuna anayepiga meza. Hakuna muziki wa kukushtua. Wale watatu wanatazamana tu, na wewe nyumbani unajikuta umeinuka kitini: ni huyu! Kisha matokeo yanarudi. Mwandiko haulingani. Alama za vidole hazilingani. Filamu bado ina zaidi ya saa moja mbele yake, na saa hiyo ni ya watu kuzeeka.

Humo ndani kuna utani mmoja mchungu. Toschi anahudhuria onyesho la filamu ya 1971 iliyochota kesi hiyohiyo, ambamo askari mbabe anaimaliza habari yote kwa bastola yake. Toschi wa kweli anashindwa kukaa, anatoka nje. Fincher hapo anawaambia waliompenda kwa ajili ya Se7en kwamba mambo hayaishi hivyo, na anajua baadhi yao hawatamsamehe.

Nikilazimishwa kuchagua kati ya hizi mbili? Se7en ndiyo utakayoikumbuka kwa tukio moja, Zodiac ndiyo utakayoirudia. Mara ya kwanza Zodiac huchosha, nakiri, hasa baada ya saa ya kwanza Ruffalo anapoanza kupungua na mchora katuni kushika usukani. Mara ya pili, ukishajua kwamba hakuna mlango utakaofunguka, unaacha kungoja na unaanza kuona.

Ile ya Korea

Hii nitaizungumzia zaidi, kwa sababu ndiyo inayorukwa na ndiyo ningeiokoa kama nyumba inaungua.

Kati ya 1986 na 1991 wanawake 10 waliuawa katika eneo la Hwaseong, mkoa wa Gyeonggi, mashambani kusini mwa Seoul. Nchi ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi wa Chun Doo-hwan kesi ilipoanza. Bong Joon-ho, ambaye dunia ilikuja kumjua vizuri alipobeba Oscar mwaka 2020, alikuwa na filamu moja tu ndefu nyuma yake alipoitengeneza hii.

Song Kang-ho ni Park, mpelelezi wa kijijini anayejisifu kwamba akimtazama mtu machoni anamjua. Ana kitabu cha picha za washukiwa na anazipekua kama mpiga ramli. Mapema kabisa bosi wake anamwonyesha vijana wawili wameketi wakijaza maelezo. Mmoja amebaka, mwingine ni kaka wa msichana aliyebakwa, ndiye aliyemkamata na kumleta kituoni. Bosi anamwambia, haya, wewe wa macho, yupi ni yupi? Park anawakodolea. Kamera nayo inawakodolea, na sisi pia tunajikuta tumeshachagua mmoja. Filamu inasonga mbele bila kutoa jibu. Katika dakika moja imeshakupokonya imani ambayo sinema nyingine zote za upelelezi zinaitegemea, kwamba uso unasema.

Kisha linganisha maeneo ya tukio. Katika Se7en polisi wanaingia kwenye chumba chenye giza, kimya, kila kitu kipo pale muuaji alipokiweka. Katika Memories of Murder, maiti iko shambani mchana kweupe. Watoto wanakimbia huku na huko, waandishi wanakanyaga popote, mkuu anateleza kwenye tuta na kubiringika, na unyayo pekee wa kiatu ambao Park ameuzungushia alama unapitiwa na trekta huku akipiga kelele. Yote imepigwa kwa mkupuo mmoja mrefu bila kukatwa. Utacheka. Kisha utajiona vibaya kwa kucheka, maana mwili wa mtu uko palepale kwenye fremu.

Hii ndiyo filamu pekee kati ya nne ambayo inachekesha kwelikweli, na polisi wake ndio wabaya kuliko wote. Wanamtesa kijana mwenye ulemavu wa akili, wanatengeneza ushahidi kwa kiatu chake, wanamfundisha aungame. Halafu wanaagiza tambi, wanakula naye pamoja, na wote, watesaji na mteswa, wanatazama tamthilia ya polisi kwenye televisheni na kuimba wimbo wake. Mpelelezi wa pili, Seo, anakuja kutoka Seoul na kanuni yake kwamba karatasi haidanganyi. Tunampenda papo hapo. Huyu ndiye stelingi wetu. Yeye ndiye anayegundua kwamba mauaji hutokea usiku wa mvua, na askari wa kike wa kituoni ndiye anayegundua kwamba kuna wimbo unaoombwa redioni usiku huohuo. Ushauri wangu: usimkabidhi moyo wako wote.

Na serikali iko kila mahali bila kuhutubiwa. Ving'ora vya mazoezi ya tahadhari vinalia na mji unazima taa, na gizani ndimo muuaji anamotembea. Usiku ambao wapelelezi wanajua kabisa atatokea, wanaomba askari wa kuzingira eneo. Hawapo, wamepelekwa kuzima maandamano. Zodiac inalaumu mipaka ya ofisi. Memories of Murder inauliza dola yenye askari wengi kiasi hicho ilikuwa inamlinda nani.

Kuna kipande cha historia kinachoifanya hii isomeke tofauti leo. Filamu ilipotoka 2003 muuaji hakujulikana. Muda wa kisheria wa kushtaki, miaka 15, ukaisha mwaka 2006. Mwaka 2019 vinasaba vilivyopimwa upya vikamwonyesha Lee Choon-jae, mtu aliyekuwa tayari gerezani tangu 1994 kwa kumuua shemeji yake. Alikiri mauaji 14. Hakuweza kushtakiwa kwa hayo ya Hwaseong. Mwanamume aliyekuwa amefungwa karibu miaka 20 kwa mojawapo ya mauaji hayo, baada ya kulazimishwa kukiri, alisafishwa na mahakama Desemba 2020. Yale mateso ya kwenye filamu yaliyoonekana kama chumvi yalikuwa na mwenyewe. Bong alikuwa amewahi kusema kwamba alipoipiga filamu aliwaza muuaji huenda ataitazama. Alipofika mahakamani kutoa ushahidi mwaka 2020, Lee alisema aliitazama gerezani, na kwamba hakuhisi kitu.

Utaniuliza, sasa tukishajua ni nani, filamu haijapoteza makali? Hapana. Ulichokuja kuona ni nyuso za watu ambao hawakujua, na hizo hazibadilishwi na maabara.

Na Clarice je?

The Silence of the Lambs ndiyo iliyotuzwa kuliko zote: Oscar tano za 1992, filamu bora, mwongozaji, mwigizaji wa kiume, wa kike na mwongozo wa filamu, seti ambayo kabla yake ni filamu mbili tu zilizowahi kuikamilisha. Pia ndiyo nyepesi zaidi kuifuata. Msichana anatekwa, ni binti wa seneta, muuaji huwaweka mateka wake hai siku chache tu kabla ya kuwaua na kuwachuna ngozi. Saa inakimbia. Kwa anayetaka mapigo ya moyo, hapa hakosei.

Mhusika mkuu, Clarice Starling wa Jodie Foster, si mpelelezi bado. Ni mwanafunzi wa chuo cha FBI huko Quantico. Anatumwa gerezani kuzungumza na Hannibal Lecter, daktari wa magonjwa ya akili aliyekula watu, ili amsaidie kumwelewa muuaji aliye nje. Watu wanaikumbuka kama filamu ya Anthony Hopkins, na bado yeye haonekani kwenye skrini hata nusu saa. Ni filamu ya Foster.

Tazama kamera inavyofanya. Wanaume wanapozungumza na Clarice, wanatazama moja kwa moja ndani ya lenzi, yaani wanakutazama wewe. Clarice yeye hutazama kando kidogo. Hivyo kwa saa mbili unakaa mahali pake, unakodolewa: na daktari wa gereza anayemtongoza, na askari wa West Virginia waliojazana kwenye chumba cha maiti mpaka anawaomba kwa adabu watoke. Mapema kabisa anaingia kwenye lifti, mdogo wa umbo, amezungukwa na vijana wanaume warefu wenye fulana nyekundu. Hakuna anayemgusa wala kusema neno, na tayari umeshaelewa kazi yake itakuwa ya namna gani. Hizo nyingine tatu, kwa uzuri wote wake, wanawake wake wengi ni wake wa wapelelezi au ni maiti. Hilo lina uzito, na kwa mtazamaji aliyechoka kuona miili ya wanawake ikitumika kama fumbo la wanaume, hii ndiyo ya kuanza nayo.

Ila ina doa lake. Muuaji amechorwa kama mwanamume anayetaka kuwa mwanamke, na filamu ilipingwa na mashoga na watu waliobadili jinsia tangu ilipotoka. Kuna sentensi moja au mbili za kujitetea ndani ya mazungumzo, hazitoshi. Leo tukio lake la kwenye kioo linakera kwa sababu ambazo si zile zilizokusudiwa.

Kulingana na wewe ulivyo

Kama mko wengi na mnataka kitu ambacho hakuna atakayeinuka kwenda kuchukua simu, weka The Silence of the Lambs. Kama mko wawili na mnapenda kubishana baada ya filamu, Se7en. Mtabishana kuhusu dakika kumi za mwisho na urafiki utapona.

Anayependa makala za kesi za kweli, podikasti za upelelezi, ramani, tarehe na mafaili, huyo Zodiac itamkaa. Huyo ndiye atakayefurahi kwamba filamu inaandika saa na mahali kila inaporuka mbele, na atasimamisha picha ili asome barua. Mwingine yeyote aiache kwanza. Na tafadhali usiitazame huku unachati, majina ni mengi na yanarudi bila kupiga hodi.

Memories of Murder utaisoma kwa manukuu, isipokuwa kama unajua Kikorea, kwa hiyo nayo haitaki macho mawili sehemu mbili. Epuka ile iliyowekewa sauti za Kiingereza ukiikuta. Nusu ya ucheshi wa Song Kang-ho iko kwenye jinsi anavyoburuta maneno, na hilo unalisikia hata kama huelewi lugha.

Kuhusu kutisha tu, bila mengine: kinachotisha zaidi katika hizi nne, kwangu, si Lecter wala kile chumba cha kitanda cha Se7en. Ni ziwa la Zodiac. Mchana, jua, nyasi kavu, vijana wawili wamelala kwenye blanketi, na mtu aliyevaa kofia nyeusi ya kufunika uso anawajia kwa utaratibu bila haraka yoyote. Hamna muziki. Fincher aliishikilia ripoti ya polisi mpaka kwenye nguo. Wenye kuogopa visu wajiandae.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18, zote nne hapana. Sibishani.

Mpangilio ambao ningempa mtu asiyeona hata moja: aanze na The Silence of the Lambs ili ajue sheria za mchezo, kisha Se7en aone sheria hizo zikisukumwa mpaka ukingoni. Apumzike wiki nzima, atazame kitu cha kuchekesha. Halafu Memories of Murder, na Zodiac ya mwisho. Watu wengi hunishauri nizipange kwa miaka, au nimpe Zodiac mara tu baada ya Se7en kwa kuwa ni kazi za mtu mmoja. Sikubali. Ukitoka kwenye Se7en moja kwa moja utaidai Zodiac kitu ambacho haikuahidi. Ukipitia Korea kwanza, utakuwa umeshajifunza kukaa na swali, tena kwa filamu inayokuchekesha njiani.

Ukifika Zodiac utakuta matoleo mawili: la sinema, dakika 157, na la mwongozaji, dakika 162. Usihangaike kutafuta la pili. Dakika tano zilizoongezwa zina kipande kizuri cha skrini nyeusi chenye nyimbo na sauti za habari zinazopita ili kuonyesha miaka ikiyoyoma, na mazungumzo kidogo ya polisi, basi. Chukua utakalolipata, ila bonyeza kitufe kabla ya saa mbili usiku.